Chombo cha anga cha LEGO: kipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi, na kipi ukiache

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maombi ya watoto nayo huongezeka. Baiskeli, viatu vya mpira, begi jipya la shule. Siku hizi, kwa watoto wanaoangalia video kwenye simu za wazazi, limeongezeka ombi jingine: chombo cha anga cha matofali ya LEGO, yaani vipande vidogo vya plastiki vya kuunganisha, hasa kile cha filamu za Star Wars kiitwacho Millennium Falcon. Asipopewa na baba, mtoto anampigia mjomba aliyeko Dar, maana huku kwetu mjomba hakatai kirahisi. Halafu mjomba anaiona bei, anashtuka, na anauliza kama hela hiyo inastahili kutoka.

Jibu langu ni hili. Mtoto ambaye hana hata tofali moja nyumbani asianzie kwenye seti yenye jina la filamu. Kwa kijana au mtu mzima anayekipenda chombo hicho kwa dhati, ipo seti moja ya leseni, yaani yenye jina la filamu, ambayo naitetea bila kusita, nayo si ile kubwa inayosifiwa kila mahali.

Unalipia nini

LEGO ni kampuni ya Denmark, ya mji wa Billund, iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen. Tofali lake la sasa liliombewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulindwa asiigwe, Januari 1958, na tofali la wakati ule bado linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. Mwaka 1999 kampuni ilianza kutoa seti za Star Wars kwa leseni. Maana yake, unaponunua boksi lenye nembo hiyo, sehemu ya hela yako inakwenda kwa wenye filamu.

Njia nyepesi ya kuona leseni inakugharimu kiasi gani ni kugawa bei kwa idadi ya vipande. Hapa natumia bei za Marekani seti zilipotoka, na dola moja nimeihesabu kwa shilingi 2,500 ili mahesabu yasitusumbue. Boksi la mchanganyiko namba 10696, vipande 484 kwa takriban dola 35, linatoka kama shilingi 180 kwa kipande. Chombo kidogo cha anga kisicho na leseni, namba 31134, kinatoka kama shilingi 174. Ukihamia Star Wars, ndege ya X-wing namba 75301 yenye vipande 474 kwa dola 50 inafika shilingi 264 kwa kipande, na Millennium Falcon ya mwaka 2019, namba 75257, inakaribia shilingi 300. Tofauti hiyo ndiyo jina.

Lakini usiishie kwenye kugawa tu. Kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho kinahesabiwa kimoja, na bamba pana la bawa nalo ni kimoja. Seti za Star Wars zimejaa vipande vidogo vya kijivu vya kupamba mgongo wa chombo. Vinapendeza vikiwa pale juu, ila chombo kikishavunjwa, mtoto hajui avitumie wapi. Kwa anayetaka kujenga leo jahazi, kesho lori la korosho, vipande hivyo havimsaidii sana.

Bei ya Marekani si bei ya Mtwara

Ukiagiza nje, forodha haitazami bei ya seti peke yake. Inachukua bei ya seti, nauli ya mzigo na bima kwa pamoja. Bidhaa nyingi zilizokamilika, midoli ikiwemo, hutozwa ushuru wa 25%, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya 18% inapigwa juu ya jumla yenye ushuru tayari. Kwa hiyo kila shilingi 100 inakuwa 125, kisha 147 na nusu, na bado kuna tozo ndogondogo na ujira wa ajenti. Seti ya shilingi 212,000 inavuka 312,000 kabla hujalipa nauli ya ndege wala parseli ya basi kutoka Dar, ambayo ni safari ya zaidi ya kilomita 550 hadi Mtwara mjini. Wa Newala, Nachingwea au Liwale aongeze na kipande chake cha njia.

Ndiyo maana nashauri: kama kuna ndugu anakuja kutoka nje, mwombe alete boksi dogo kwenye begi lake. Akifika nyumbani na boksi la kujaza begi zima, nguo zake ataziweka wapi?

Nafasi ya kwanza: boksi la mchanganyiko

Namba 10696, kwa mtoto wa miaka 4 na kuendelea. Lina matofali ya rangi nyingi, magurudumu, madirisha, na vipande vyenye macho vya kutengenezea wanyama. Halina chombo cha anga kilichochorwa mbele ya boksi, na mtoto aliyekuwa na ndoto ya Falcon atanuna siku ya kwanza. Mwache anune kidogo. Mpe nusu saa sakafuni, uone.

Hesabu moja inaonyesha kwa nini ninalipatia boksi hili nafasi ya juu. Matofali sita tu ya vinundu nane (vile vichomozo vya juu vya kushikizia), yote ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Hayo ni matofali sita. Mtoto mwenye mamia ya vipande hafiki mwisho wake. Zaidi ya hapo, vitabu vya maelekezo vya seti nyingi vimewekwa na kampuni kwenye tovuti yake, unavishusha bure. Vipande vyote vinavyotakiwa hutakuwa navyo, na rangi hazitalingana, lakini hapo ndipo kazi inapokuwa tamu: mtoto anatafuta cha kuziba pengo, anabadili bawa, anahamisha injini. Watoto wa huku wamezoea kutengeneza magari ya makopo yenye magurudumu ya malapa yaliyochakaa. Akili ya namna hiyo ikikutana na boksi la mchanganyiko, haikisubiri kitabu.

Kwa kodi nilizozitaja inakuja kama shilingi 129,000 kabla ya usafiri. Kwa watoto wawili au watatu wa nyumba moja, sioni hela iliyotumika vizuri kuliko hiyo katika orodha hii yote.

Nafasi ya pili: chombo kidogo cha modeli tatu

Namba 31134, vipande 144, dola 10 ilipotoka. Kwanza ni chombo cha anga cha kurushwa na roketi. Ukikivunja unajenga mwanaanga. Ukivunja tena unapata chombo kingine cha angani. Kinatosha kwenye mfuko wa koti, mjomba hana kisingizio. Mtoto wa miaka 6 anakimaliza mwenyewe, na kule kulazimika kukivunja ili apate modeli ya pili kunamwondolea hofu ya kuvunja. Mtoto anayeogopa kuvunja hataendelea na matofali.

Katika familia hiyohiyo ya modeli tatu kuna seti za dinosaria pia, na kwa mtoto wa Lindi ningezifikiria. Mifupa mikubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, katika mkoa wake, ndiyo iliyosimamishwa jumba la makumbusho la Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Ana haki ya kulijua hilo mapema.

Nafasi ya tatu: Falcon ndogo ya mezani

Hii ndiyo seti ya leseni ninayoitetea. Namba 75375, ilitoka mwaka 2024, vipande 921, dola 85, imeandikwa ya miaka 18 na kuendelea. Ina urefu wa kama sentimita 24 na inakaa kwenye kitako chake, imeinama kidogo kama inayokata kona. Haina wanasesere ndani na haifunguki. Mtoto anayetaka kuchezea ataichoka siku hiyohiyo.

Ila kwa mtu mzima anayeipenda filamu, ni kazi nzuri mno. Umbo lenyewe lina shida zake: ni duara lenye pua mbili mbele na chumba cha rubani kilichochomoza ubavuni, na kulijenga kwa matofali yenye pembe mraba kunataka ujanja. Utaona mabamba yamelazwa kwa mshazari juu ya bawaba ndogo, kila kipande kama kisahani kilichokatwa, mpaka pengo la katikati linafungwa na mgongo unakuwa wa mviringo mkononi mwako. Ni jioni kadhaa za utulivu, simu imewekwa pembeni. Bei kwa kipande ni kama shilingi 230, ghali kuliko boksi la mchanganyiko, nafuu kuliko Star Wars nyingine nilizozitaja. Na inatosha kwenye rafu ya nyumba ya kawaida.

Nafasi ya nne: X-wing ya kuchezea

Namba 75301, ya miaka 9 na kuendelea. Mabawa yanafunguka na kufungwa, ina watu wake, na inavumilia kubebwa huku na huku uani. Kama mtoto ameshazifahamu hizo filamu na ana matofali mengine tayari, sawa, mnunulie. Kama hana, rudi nafasi ya kwanza.

Mwisho wa orodha: Falcon kubwa

Namba 75192, ya mwaka 2017, vipande 7,541, dola 800 ilipotoka. Ukipiga ushuru na kodi unakaribia milioni 3, na boksi lenyewe ni mzigo wa watu wawili ukihesabu na kusafirisha. Ikikamilika ina urefu wa sentimita 84. Sentimita 84 si rafu, ni meza. Nyumba gani ya Chikongola au Mikindani ina meza ya kuachia kitu hicho peke yake mwaka mzima, bila watoto wa jirani kukigusa, bila vumbi la kiangazi kuingia kwenye kila upenyo wa mgongo wake?

Kimejengwa kwa ustadi mkubwa, sikatai. Lakini kwa familia inayotegemea msimu, hela hiyo ina palizi, ina dawa ya kupulizia mikorosho, ina ada. Asiyebanwa na hayo anunue kwa amani. Wengine wote nawaomba waiache, na wasikubali kukopa kwa ajili yake.

Yale ya bei poa madukani

Utayakuta Kariakoo, na mengine yanafika mpaka maduka ya midoli ya huku. Hapa tutenganishe mambo mawili. Hataza za awali za tofali la LEGO zilishakwisha muda, kwa hiyo kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza matofali yanayoshikana nayo, mradi zibuni seti zao na kutumia jina lao. Baadhi ni mazuri na bei yake ni rafiki. Kunakili seti nzima pamoja na picha ya boksi ni wizi: mwaka 2020 mahakama ya Shanghai ilimhukumu kiongozi wa kundi lililotengeneza seti feki za jina la Lepin kifungo cha miaka 6.

Ukiwa dukani, omba kufungua kifuko kimoja. Tazama juu ya kinundu: orijino ina neno LEGO limechomoza, ukipitisha ukucha unalihisi. Kisha panga matofali kumi, moja juu ya jingine, uyalaze kwenye ukingo wa kaunta. Ubavu unatakiwa unyooke. Ukiona ngazi ngazi, au tofali linacheza, au lingine linataka kutolewa kwa meno, rudisha. Tofali la kampuni nyingine likifaulu mtihani huu, kwa boksi la mchanganyiko sina kinyongo nalo.

Nyumbani kukiwa na mtoto wa chini ya miaka 3, vipande hivi vidogo viwekwe mbali naye kabisa, vinaweza kumkaba. Mnunulie DUPLO, tofali la kampuni hiyohiyo lenye vipimo mara mbili kila upande, ambalo baadaye litashikana na madogo.

Usiache seti dirishani; jua la pwani linayafanya matofali meupe na ya kijivu kuwa ya njano. Vumbi litoe kwa brashi laini. Ukiosha, tumia maji yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kisha anika kivulini.

Parseli ikifika stendi, usiipokee kwa haraka ya kuwahi bodaboda. Angalia gundi ya boksi kama imefunguliwa na kubandikwa upya. Seti kubwa zina mifuko yenye namba. Fungua boksi mbele ya wakala, hakikisha namba zinafuatana na hakuna iliyoruka, linganisha na namba zilizo kwenye kitabu cha maelekezo, ndipo usaini.