Kabla hujainunulia Phoenix ya mzee tairi, soma ubavuni

Mwezi uliopita nilitoka Morogoro hadi Kariakoo kutafuta matairi mawili ya baiskeli ya marehemu baba, Phoenix. Mnaijua: ile ndefu nyeusi, breki za vyuma, keria ya kubebea gunia la mahindi. Ilikuwa imetundikwa stoo miaka mingi na mimi nimechoka kulipa bodaboda kwenda sokoni. Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Dada'angu, ishirini na sita au ishirini na nane?" Nikajibu ishirini na nane, kifua mbele, maana nani asiyejua kwamba Phoenix ni inchi 28? Nikalipa, nikapanda basi, matairi mapajani.

Fundi wetu ni mzee wa maneno machache. Alilivalisha tairi la kwanza upande mmoja kwa shida, upande wa pili ukagoma. Akatoa mipini ya vijiko, mmoja ukapinda. Akapaka sabuni. Robo tatu ya saa nzima tukiwa tumeliinamia, jasho linatutiririka, mpaka waya wa pembeni ukachomoza kwenye mpira kama waya wa sidiria iliyozeeka. Hapo ndipo mzee alipotema mate kidogo kwenye kidole gumba, akasugua ubavu wa tairi, akanisogezea usoni. "Mwanangu, wewe umesoma. Soma hapa." Pameandikwa 37-622. Tukasugua na la zamani: 40-635.

Kwa hiyo leo sitawaeleza habari za meno ya tairi, wala rangi, wala lipi halipati pancha. Nataka tuongee kuhusu tarakimu tatu za mwisho, basi.

Tarakimu hizo ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Namba ya kwanza, ile ya 37 au 40, ni upana wa tairi, na hapo unaweza kupunguza au kuongeza kidogo bila ugomvi. Ile ya pili haina majadiliano. Kati ya 622 na 635 kuna milimita 13 tu, unaweza kusema si kitu, lakini ukizungusha duara zima ni kama sentimita 4 za waya wa chuma ambazo hazipo. Waya hauvutiki. Hata ukimwita mbeba mizigo wa stendi akuvutie.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Tairi la 635 kwenye ringi ya 622 linaingia kiulaini, unashukuru Mungu, unajaza upepo, halafu linachupa pembeni na tyubu inapasuka, pengine ukiwa katikati ya barabara. Wenye baiskeli zilizobadilishwa ringi na mafundi wa njiani, hili linawahusu.

Mbona zote zinaitwa 28? Kwa sababu inchi hizo hazikupima ringi hata siku moja. Zilipima duara la nje, tairi likiwa limejaa. Chukua 635, ongeza unene wa inchi moja na nusu juu na chini, yaani milimita 38 mara mbili, unapata 711. Hiyo ndiyo inchi 28. Kwa 26 ni vurugu tupu. Raleigh ya kike ya 26 x 1 3/8 ina ringi ya 590. Baiskeli ya milimani ya 26 x 2.0 ina ringi ya 559. Piga hesabu, zote kwa nje zinakuja kwenye 660: tairi nene na ringi ndogo, tairi jembamba na ringi kubwa. Ni kama kuuziwa viatu kwa kupima soli kwa nje, mguu haujaulizwa.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu wangu wa hesabu angelia machozi akilisikia. Shuleni moja na nusu ni 1.5. Kwenye tairi, 26 x 1 1/2 ni ringi ya 584 na 26 x 1.50 ni ya 559. Ikiandikwa kwa sehemu ni tairi moja, ikiandikwa kwa nukta ni jingine kabisa. Msomaji mmoja aliniandikia kwamba amehangaika miezi miwili na kiti cha magurudumu cha mama yake, ugonjwa ni huohuo: magurudumu ya 24 x 1 3/8 ya viti vile kwa kawaida ni 540, yeye anauziwa ya 24 x 1.75 za baiskeli za watoto, ambazo ni 507.

Kama tairi lako limekuwa kipara na maandishi yamefutika, usikate tamaa. Chukua tairi la zamani, pitisha uzi usionyumbuka kwenye ukingo wake wa ndani kabisa, pale penye waya, uzunguke mpaka ukutane. Halafu upime kwa futi ya fundi cherehani. Ukipata karibu mita 2, pungufu ya nusu sentimita, ni 635. Ukipata 195 na kitu, ni 622. Karibu 185 ni 590, na karibu 176 ni 559. Tofauti ni kubwa mno, huwezi kukosea hata ukiwa na usingizi. Siku hizi uzi wangu una fundo na unakaa kwenye pochi.

Sasa tununue nini. Mimi ni mtu wa Ralson, na sioni haya kusema. Linatengenezwa Ludhiana, India, mji uleule wa baiskeli za Hero, na kule baiskeli za breki za vyuma bado ni chombo cha kazi, si pambo la mgahawa. Kwa hiyo 28 x 1 1/2 kwao ni tairi la kila siku. Nililirudia safari ya pili, 40-635, na mzee alilivalisha kwa vidole vyake bila kijiko. Mpira ni mzito, unasikia uzito ukikanyaga pedali mlimani, lakini Phoenix yenyewe haikuwahi kuwa nyepesi. Kama kuna tairi lenye tabia ya baiskeli ile, ni hili.

Ukilikosa, Kenda la Taiwan. Ni jepesi kidogo na linateleza vizuri kwenye lami. Kwa wenye Raleigh za 26 x 1 3/8 ndilo ningelianza nalo, mradi usome 590. Ndugu zetu mlioko Marekani, nanyi angalieni: Schwinn za zamani zinaandikwa 26 x 1 3/8 vilevile, lakini ringi zake nyingi ni 597. Milimita 7 tu, na bado haliingii.

Schwalbe la Ujerumani wanalo, Delta Cruiser, hata la 40-635, na lipo hadi la rangi ya krimu. Ni zuri sana. Ila kwetu linakuja kwenye begi la shemeji akitokea Ulaya, na kumfanya shemeji abebe tairi badala ya zawadi za watoto ni kutafuta maneno.

Yasiyo na jina, ya bei chee? Kama namba ya tarakimu tatu haipo ubavuni, liache lilipo.

Tyubu isikutoe jasho: mpira wake unanyumbuka, ya 28 inaingia 622 na 635 zote mbili. Ukipata yenye valvu kama ya gari, chukua, uachane na ule mpira mwembamba wa valvu ya kizamani unaokauka na kupasuka kila kiangazi. Tundu la ringi ya Phoenix linaipokea.

Ringi ndiyo kizungumkuti kingine. Baiskeli hizi kwa asili zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Madukani zimejaa ringi za matundu 36. Muuzaji atakwambia "inawezekana tu", naye hatakuwepo fundi akianza kuhesabu matundu ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Pia breki za vyuma hubana ringi kutokea chini, upande wa spoku, kwa hiyo ringi bapa ya kisasa iliyotengenezwa kubanwa ubavuni haikufai hata ikiwa na matundu sawa. Na kotapini, zile pini zinazokaza mikono ya pedali: za Kiingereza ni milimita 9.5, zipo pia za 9. Nenda na ya zamani mfukoni uzilinganishe, usikubali kupigiwa nyundo.

Nirudi kwa wauzaji, maana bado roho inaniuma. Nilirudi dukani na tairi moja lililochanika na jingine zima kabisa, karatasi yake juu. Nikaonyeshwa risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamuuliza kijana, kwa adabu kabisa, kwa nini hakuniuliza habari ya 622 na 635. Akacheka. "Mama, hizo ni namba za kiwandani." Kumbe nilipokuja na hela nilikuwa dada'angu, niliporudi na malalamiko nikawa mama. Hapohapo akanitajia bei ya jingine, "orijino", imepanda elfu 4 tangu wiki iliyopita, eti na tyubu ni lazima kwa sababu inauzwa seti. Duka la tatu kutoka pale waliniuzia Ralson peke yake bila seti yoyote, na mama muuzaji aliwasha tochi ya simu akanisomea ubavu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nusura nimbusu.

Lile tairi zima ninalo bado, lipo msumarini pale stoo ilipokuwa Phoenix. 37-622, halijavalishwa hata mara moja. Mwenye ringi yake aje Morogoro alichukue kwa bei niliyonunulia, nauli ya basi nimemsamehe. Ila asome kwanza, kwa sababu nami, mali ikiuzwa hairudishwi.