Taima niliyouziwa Kariakoo: hairudii, haisikiki, na nikatukanwa juu yake

Nimenyamaza wiki kadhaa nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa, kwa hiyo naandika.

Nafundisha mazoezi ya kikundi Coco Beach, Dar es Salaam, mwisho wa wiki saa 12 asubuhi. Watu thelathini, siku nyingine arobaini, wengi wao akina mama. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: taima yenye mlio mkubwa. Sekunde 40 za kazi, sekunde 20 za kupumzika, halafu ianze upya yenyewe mpaka darasa liishe, mimi nisiiguse.

Zamani nilikuwa na filimbi na saa ya mkononi. Shida ni kwamba ukitazama saa humtazami mtu, na yule anayepinda mgongo kwenye skwati humwoni mpaka aumie. Nikahamia simu. Mtu akinipigia, hesabu inakatika. Meseji ikiingia, nusu ya darasa wanakaa chini wakidhani mapumziko yamefika. Nikaongeza spika ndogo isiyo na waya. Ile nayo ikikaa kimya muda inasinzia, na inapozinduka imeshaumeza mlio wenyewe. Koo langu lilikuwa linakauka kwa kupiga kelele, nikasema potelea mbali, wacha ninunue kifaa chenyewe.

Duka silitaji. Ni la vifaa vya michezo, Kariakoo. Kijana wa pale akanipokea vizuri, akaibonyeza, ikalia, watu wote dukani wakageuka. Nikamuuliza, na swali nalikumbuka neno kwa neno: "Kaka, hii inarudia yenyewe?" Akasema, "Inarudia, dada. Ukishaiwasha umemaliza." Nikauliza tena. Akajibu vilevile. Nikatoa shilingi 35,000.

Duka ni kichumba chenye kuta nne, sauti inagonga ukuta na kukurudia sikioni. Ufukweni hakuna ukuta. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6: kutoka mita 2 hadi 4 umepoteza 6, ukifika mita 16 umepoteza 18. Hapo hujaweka mawimbi wala upepo wa kusi. Mstari wa mbele walisikia. Wa nyuma walikuwa wananitazama usoni kama watu wanaosubiri daladala. Tena ni mlio mwembamba, mkali, na masikio yakianza kuzeeka, sauti za namna hiyo ndizo hutangulia kupotea. Akina mama zangu wengi wamevuka miaka 50.

La sauti ningelisamehe. Ningesogeza watu karibu, ningetafuta namna. Lakini hairudii! Ilihesabu 40, ikalia, ikahesabu 20, ikalia, ikazima. Mimi niko mwisho wa mstari namrekebisha mtu goti, sina habari. Watu wanaruka. Wameshazoea kwamba mlio ndio unaowaambia pumzika, na mlio haukuja, basi wakaendelea kuruka. Kuna mama mmoja ana presha, kila siku namwambia asizidishe. Siku hiyo aliendelea kwa sababu wenzake waliendelea. Akashika kichwa, akakaa mchangani, macho yamefumba.

Tulimpeleka kivulini, akanywa maji, mwanawe akaja kumchukua. Alikuwa salama, namshukuru Mungu. Mimi mikono ilitetemeka mpaka jioni.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani mapumziko ni pambo. Zile sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika, raundi nane, ambazo siku hizi kila mwalimu anazitaja, zilijulikana kupitia utafiti wa Izumi Tabata wa Japani uliochapishwa 1996. Aliwapima vijana waliozoea mazoezi, juu ya baiskeli ya ndani, na hata wao kwenye raundi ya saba au ya nane walikuwa hoi. Sasa mtu wa miaka 58 mwenye presha, ambaye ametoka kitandani alfajiri na kupanda daladala mbili kuja kwangu, nimnyang'anye pumziko lake kwa sababu ya kifaa cha plastiki?

Nikairudisha. Niliingia kwa salamu, sikuingia kwa ugomvi. Nikaeleza yote, na habari ya mgonjwa wangu pia. Yule kijana akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Sawa, hilo nimelizoea. Kisha akasema kwa sauti, mbele ya wateja: "Kwani wewe mwalimu gani hujui kuhesabu? Si uhesabu tu kwa mdomo, moja mpaka arobaini!" Wakacheka. Hata mzee aliyekuwa kwenye kiti, ambaye nadhani ndiye mwenye duka, alicheka.

Miaka tisa nafundisha. Nimehesabu kwa mdomo mpaka sauti ikapotea siku tatu. Sikwenda pale kwa kushindwa kuhesabu.

Niseme haki: kifaa chenyewe si kibovu. Kwa mtu mmoja anayefanya mazoezi chumbani, akaweza kukibonyeza kila raundi, kinafaa, na betri yake inadumu. Nilitaka hata kuandika kwamba kosa ni la kijana, kifaa hakina hatia. Lakini kila nikikiona kabatini namkumbuka mama yule mchangani, na siwezi kukisifia. Kama unafundisha kundi, usikinunue. Na ukienda kununua chochote cha namna hii, usiridhike kukisikia kikilia mara moja. Simama hapohapo dukani, acha kilie raundi tatu bila kuguswa, kisha toka nje mpaka ng'ambo ya barabara usikilize.

Kilichoniokoa hakikutoka dukani. Kijana wa mtaani kwetu anayepiga muziki kwenye sherehe alinitengenezea faili la sauti la dakika 45: honi nzito, kama ya lori, kila baada ya sekunde 40, na honi mbili fupi baada ya 20, katikati muziki wa chini ili spika isisinzie. Nimeweka kwenye flashi, nachomeka kwenye spika kubwa ya magurudumu. Alikataa hela, akasema nimfundishe mama yake.

Mama wa presha amerudi Jumamosi iliyopita. Alisimama mstari wa nyuma kabisa, ambako taima ile haikufika hata siku moja. Honi ilipolia, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukaa chini.