Mapitio ya Azgaar's Fantasy Map Generator: majimbo yapo, koo utazijenga mwenyewe

Anayebuni ufalme wa kikabaila kwa ajili ya riwaya au mchezo wa mezani hukabiliwa mapema na kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuigawa nchi katika majimbo. Ya pili ni kuamua ni koo zipi zinazoyashika majimbo hayo, zimeyapata kwa njia gani, na zina wajibu gani kwa mfalme. Azgaar's Fantasy Map Generator, programu huria inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo na bila kujisajili, huifanya kazi ya kwanza vizuri kuliko chombo kingine chochote nilichokitumia, na ile ya pili huigusa kwa juu juu tu. Nimeitumia kwa muda mrefu kutayarisha falme za michezo ninayocheza na marafiki, na tathmini hii inahusu swali hilo moja: inamfaa kwa kiasi gani mtu anayetaka ufalme wa mabwana wenye ardhi, viapo na magomvi ya urithi.

Ukifungua ukurasa wake, ramani nzima hujichora yenyewe kabla hujagusa kitu. Uso wa ramani umegawanywa katika vipande vidogo vyenye pembe nyingi, kwa kawaida vipatavyo 10,000, na kila kipande kina mwinuko wake, joto lake, mvua yake, uoto wake na idadi ya wakazi wake. Mito hutiririka kutoka nyanda za juu hadi baharini kwa kufuata miinuko hiyo. Tamaduni huanzia kwenye vitovu vyake na kusambaa, miji mikuu huchaguliwa, kisha kila dola hupanuka kutoka mji wake mkuu kwa kulipia kila hatua: kupanda mlima kuna gharama, kuvuka maji kuna gharama, na gharama hizo hubadilika kulingana na utamaduni, kwa maana watu wa milimani hawazuiwi na milima kama wanavyozuiwa wakulima wa bondeni, na mabaharia huvuka ghuba ambayo kwa wengine ni mwisho wa nchi. Kwa sababu hiyo mipaka inayotokea ina maelezo. Ukiuliza kwa nini dola hii imeishia hapa, ramani yenyewe inakujibu kwamba pana safu ya milima, au jangwa, au jirani aliyewahi kufika kabla yake.

Hapo ndipo nguvu ya chombo hiki ilipo, na kwa mbunifu wa ufalme ni nguvu kubwa sana. Ramani nyingi za kubuni zinazochorwa kwa mkono huanza na koo, kisha humpa kila mmoja jimbo la ukubwa unaolingana na wenzake, mmoja kaskazini kwenye theluji, mwingine kusini kwenye mizabibu, mwingine pwani. Nchi ya namna hiyo haina sababu ya kupigania kitu. Programu hii hukulazimisha uanze na ardhi. Unaona kwamba njia pekee ya kuvuka milima inapita katika jimbo dogo lenye wakazi wachache, na papo hapo unajua kwamba ukoo unaoshika jimbo hilo una kauli kubwa kuliko idadi ya watu wake, kwamba umejenga ngome kwenye lango la mlima, na kwamba kila jirani mwenye binti au mwana wa kuoza amewahi kupeleka wajumbe huko. Unaona delta yenye miji minne na bandari moja, na unajua kwamba mabwana wa juu ya mto na wenye bandari hawawezi kupendana. Ramani ikishakuonyesha hayo, nusu ya historia ya koo hizo umeshaipata.

Lakini ni lazima niseme wazi kwamba jimbo katika programu hii ni wilaya ya kiutawala, na si milki ya kikabaila. Kila kipande cha ardhi kina jimbo moja tu, kila jimbo kwa kawaida ni eneo moja lililoungana, na yote yamo chini ya dola moja yenye jeshi moja. Ukabaila wa Ulaya ya zama za kati, ambao ndio chanzo cha falme nyingi za kubuni, haukuwa hivyo. Baada ya William, mtawala wa Normandy, kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafuasi wake wengi wakubwa walipata mashamba yaliyotapakaa katika kaunti mbalimbali, kama inavyoonekana katika sensa kubwa ya ardhi ya mwaka 1086. Mipakani mwa Wales, huko Chester, Shrewsbury na Hereford, aliweka mabwana wenye ardhi iliyoshikana na mamlaka mapana, kwa sababu huko alihitaji mtu wa kupigana bila kungoja amri. Tofauti hiyo kati ya bwana wa mpakani aliye kama mfalme mdogo na bwana wa ndani ambaye mali yake imetapakaa ni miongoni mwa mambo yanayoupa ufalme uhai, na ramani ya majimbo ya programu hii haiwezi kuionyesha.

Ipo njia ya kulizunguka tatizo hili, na ningependa kila anayeanza aijue, kwa kuwa haielezwi mahali panapoonekana haraka. Usiufanye ufalme wako kuwa dola moja yenye majimbo. Acha programu itengeneze dola na majimbo yake, kisha ingia kwenye kihariri cha majimbo na kulitangaza huru kila jimbo unalotaka liwe la bwana mkubwa, ili ligeuke kuwa dola yenye mji wake mkuu. Baada ya hapo fungua jedwali la uhusiano wa dola na uweke kila moja ya dola hizo kuwa mtiifu chini ya dola ya mfalme. Uhusiano wa bwana na mtiifu wake umo kwenye orodha, pamoja na urafiki, shaka, ushindani na uadui. Matokeo yake ni ufalme wa kweli wa kikabaila: mfalme anabaki na ardhi yake mwenyewe, ambayo inaweza kuwa ndogo kuliko ya watu wake, na mabwana wawili walio chini yake wanaweza kuwa maadui wao kwa wao. Hivyo ndivyo Ufaransa ilivyokuwa wakati wafalme wake walipokuwa wakitawala moja kwa moja eneo la kuzunguka Paris na Orléans, huku Normandy, Flanders, Champagne na Aquitaine zikiwa na watawala wenye nguvu zao.

Faida kubwa zaidi ya njia hiyo inaonekana kwenye majeshi. Programu hugawa vikosi kwa kila dola kulingana na wakazi na mazingira yake, hivyo ufalme ulioachwa kuwa dola moja hupata jeshi la kudumu linalomtii mfalme peke yake, jambo linaloua kabisa mvutano wa kikabaila. Mabwana wakiwa dola zinazojitegemea, kila mmoja anapata vikosi vyake, na unaweza kuona kwa macho kwamba mfalme hawezi kumwadhibu bwana wa kaskazini bila msaada wa yule wa mashariki. Baada ya hapo mbunifu aamue wajibu wa kila mmoja. Siku 40 za utumishi wa askari wa farasi kwa mwaka ndicho kiasi kinachotajwa sana katika historia ya Ulaya, lakini ukoo wa bandari unaweza kudaiwa merikebu, kama ilivyokuwa kwa miji ya Cinque Ports ya Uingereza, iliyotakiwa kumpa mfalme merikebu 57 kwa siku 15 kila mwaka, nayo ikapata haki na misamaha yake kwa malipo hayo. Mimi huandika wajibu wa kila ukoo katika sehemu ya maelezo inayoambatana na mji wake mkuu, kwa sababu tofauti za wajibu ndizo zinazozaa malalamiko, na malalamiko ndiyo yanayozaa hadithi.

Kwa mashamba yaliyotapakaa, tumia tabaka la kanda. Programu imelikusudia kwa mambo kama maeneo yenye maradhi au uasi, lakini unaweza kuongeza kanda yako, kuipa jina la ukoo na kuipaka kwa brashi popote unapotaka, hata ikiwa vipande hivyo vimo ndani ya majimbo ya watu wengine. Kazi hiyo inachukua muda na inachosha mkono, ila ramani inayotoka humo inafanana zaidi na milki za kweli kuliko chochote ambacho programu hutoa yenyewe.

Nembo ndizo zinazowavuta watu wengi, na zinastahili sifa. Kila dola, jimbo na mji hupewa nembo yake kupitia Armoria, chombo cha mtengenezaji huyohuyo, na umbo la ngao hufuata utamaduni wa mahali. Kwa kawaida nembo hizo huheshimu kanuni ya kale ya kutoweka dhahabu juu ya fedha wala rangi juu ya rangi, ndiyo maana zinasomeka vizuri hata zikiwa ndogo. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba nembo ya jimbo inaweza kurithi sehemu ya nembo ya dola yake, kwa hiyo ukitazama ramani unaona udugu: simba yule yule, au pembe ya ngao yenye alama ya mfalme. Kasoro yake ni ya kimsingi. Nembo hapa ni ya mahali, ilhali katika ulimwengu wa mabwana nembo ni ya ukoo, huhama nao, hugawanywa kwa matawi yake na huunganishwa kwa ndoa. Ngao yenye ngome na simba iliyotumiwa na wafalme wa Castile na León baada ya falme hizo mbili kuungana mwaka 1230 ni habari ya urithi iliyochorwa. Programu inaweza kukupa ngao iliyogawanywa mara nne, lakini nyuma ya mgawanyo huo hakuna bibi harusi wala marehemu yeyote. Itakubidi uingie Armoria mwenyewe na kuijenga ngao ukijua nani alimwoa nani.

Hilo linanifikisha kwenye pengo kubwa kuliko yote: hakuna watu. Programu itakutajia vita vilivyopita na miaka yake, lakini haina mtawala hata mmoja, haina nasaba, haina sheria ya kurithi. Eleanor, mrithi wa Aquitaine, aliolewa na Louis wa 7 wa Ufaransa mwaka 1137. Ndoa hiyo ikabatilishwa mwaka 1152, akaolewa mwaka huohuo na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1154, na sehemu kubwa ya kusini magharibi mwa Ufaransa ikahamia mikononi mwa mtu ambaye, kwa ardhi zake za Ufaransa, alikuwa chini ya Louis, na kwa taji lake la Uingereza alikuwa mfalme mwenzake. Jedwali la uhusiano huruhusu neno moja tu kati ya dola na dola, kwa hiyo hali hiyo ya mtu kuwa sawa na mtiifu kwa wakati mmoja haiingii. Nasaba itakubidi uichore kwenye daftari.

Kuhusu majina, msomaji wa Kiswahili atafurahi kuona kwamba miongoni mwa orodha za majina zilizomo imo ya Kiswahili. Programu huchukua orodha ya majina halisi na kuyachanganya silabi zake ili kupata mapya yenye mlio unaofanana. Orodha hiyo, hata hivyo, imechanganya miji ya Uganda, Kenya na Tanzania bila kutenganisha bara na pwani, kwa hiyo jina linalofanana na Arua, mji wa bara wa Uganda, linaweza kuangukia kwenye kisiwa cha wafanyabiashara. Tiba yake ni rahisi, kwa kuwa kihariri cha majina kinakubali orodha yako mwenyewe: mimi nilitengeneza moja kwa Kilwa, Pate, Siyu, Faza, Shanga, Manda, Takwa, Gedi, Ungwana, Kaole na Tumbatu, na bandari zangu zikaanza kusikika kama bandari. Anayeelekea upande wa maziwa makuu asiishie kwenye majina. Buganda ilikuwa na wakuu wa masaza, yaani majimbo yake, walioteuliwa na mfalme wake, Kabaka, na, juu ya ardhi hiyohiyo, wakuu wa koo waliolinda mashamba ya makaburi ya wazee wao. Na wilaya za Buyaga na Bugangaizi, zilizochukuliwa kutoka ufalme jirani wa Bunyoro katika miaka ya 1890, zilirudi kwa kura ya maoni ya mwaka 1964. Jimbo ambalo wakazi wake wanamtambua mfalme mwingine ni zawadi kwa mbunifu, na linachorwa kwa urahisi kwa kubadilisha dola ya jimbo bila kugusa utamaduni wake.

Maelekezo yote ya programu ni ya Kiingereza, na vitufe ni vingi kiasi cha kumchanganya mgeni. Kwenye simu ndogo ni taabu tupu, kwa hiyo tafuta kompyuta, na kama ni ya zamani usiongeze idadi ya vipande kupita ile inayokuja nayo. Pakua faili la ramani kwenye mashine yako kila baada ya kazi, kwa sababu ukurasa ukifunguliwa upya unaweza kuleta ramani nyingine, na kumbukumbu ya kivinjari hufutika. Kwa majimbo ninaipa alama 9 kwa 10. Kwa koo ninaipa 4, na zote nne ni za nembo.