Tathmini ya Kozi ya Mtandaoni ya Sayansi ya Maabara ya Tiba

Mwanafunzi anayejiandaa kuingia katika fani ya maabara ya tiba huelezwa mapema kwamba atasoma hematolojia, biokemia, mikrobiolojia, parasitolojia na utiaji damu, ila ni nadra kuelezwa kwamba sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuamua iwapo jibu lililotolewa na mashine linastahili kumfikia daktari. Kozi ninayoitathmini hapa, ambayo imetungwa kwa ajili ya wanafunzi wa stashahada na shahada wanaojiandaa kwa mitihani ya usajili, imelielewa jambo hilo vizuri, na kwa sababu hiyo ninaiona kuwa bora kuliko vitini vingi vinavyogawiwa darasani, ingawa ina upungufu ambao mnunuzi anapaswa kuujua kabla ya kulipa.

Moduli yenye thamani kubwa zaidi ni ile inayohusu sampuli kabla haijafika kwenye mashine. Mwanafunzi anaoneshwa majibu ya mgonjwa ambaye potasiamu yake imepanda kiasi cha kuhatarisha maisha na kalsiamu yake imeshuka mno, ilhali mgonjwa mwenyewe ametembea kwa miguu hadi kliniki na halalamiki lolote. Badala ya kumpa jibu, kozi inamwongoza ajiulize ni kitu gani kinachoweza kupandisha moja na kushusha nyingine kwa wakati mmoja, mpaka afike kwenye tyubu yenye kifuniko cha zambarau: dawa ya EDTA iliyomo ndani yake ni chumvi ya potasiamu, na huzuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu, kwa hiyo mtu aliyemimina damu kutoka tyubu hiyo kwenda ya seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) ameharibu vipimo vyote viwili. Baada ya hapo utaratibu wa kujaza tyubu (chupa za kuotesha bakteria kwanza, kisha kifuniko cha buluu, seramu, kijani, zambarau na kijivu mwishoni) hauhitaji tena kukaririwa kama shairi, kwa kuwa sababu yake imekwisha kueleweka. Vivyo hivyo tyubu ya buluu, ambayo inataka sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitrati, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda: ikijazwa nusu, sitrati inazidi na muda wa kuganda unaonekana mrefu kuliko ulivyo.

Udhibiti wa ubora nao umefundishwa kwa uangalifu. Chati ya Levey na Jennings, ambayo huonesha majibu ya sampuli ya udhibiti (yenye kiwango kinachojulikana) yakilinganishwa na wastani wake, na iliyoanza kutumika katika maabara za tiba mwaka 1950, na kanuni za Westgard za mwaka 1981, zinazosema ni lini majibu ya chati hiyo yakataliwe, zinawasilishwa kwa mazoezi ambamo mwanafunzi anaangalia nukta zikipanda na kushuka, kisha anaamua kutoa majibu au kuyazuia. Nilipenda hasa zoezi linalokumbusha kwamba, hata mashine ikiwa nzima, takriban kipimo kimoja kati ya 20 vya sampuli ya udhibiti kitaangukia nje ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha mtawanyiko wa kawaida kuzunguka wastani) kwa bahati tu, na kwamba kurudia kipimo mpaka namba ipendeze si udhibiti wa aina yoyote.

Mambo yanaharibika pale panapohitajika hadubini. Somo la rangi ya Gram, inayogawa bakteria katika makundi mawili, chanya wanaobaki na zambarau na hasi wanaoipoteza, linataja hatua zote nne kwa usahihi, lakini video inaikata hatua ya kuondoa rangi kwa alkoholi, ambayo ndiyo inayoamuliwa kwa sekunde chache, kwani ikizidi hata bakteria wa Gram chanya hupoteza zambarau yao na kusomwa kuwa hasi. Upande wa malaria, maelezo ni sahihi: tone nene la damu kwenye slaidi halikazwi, utando mwembamba wa damu hukazwa (hugandishwa kwenye kioo) kwa methanoli, na rangi ya Giemsa hufanya kazi yake baada ya hapo. Picha, hata hivyo, ni safi kupita kiasi. Hakuna hata moja yenye mashapo ya rangi, wala chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia kuganda) iliyokaa juu ya chembe nyekundu ikajifanya kimelea, na hivyo ndivyo vitu vitakavyomsumbua mwanafunzi siku ya kwanza atakapokabidhiwa slaidi halisi.

Utiaji damu umepewa nafasi ndogo kuliko unavyostahili. Upangaji wa kundi la damu kwa njia ya mbele (kupima chembe nyekundu) na ya nyuma (kupima kingamwili zilizo kwenye seramu) umeelezwa, pamoja na sababu ya njia ya nyuma kutotegemewa kwa mtoto mchanga ambaye bado hajajitengenezea kingamwili zake, lakini kushikamana kwa chembe kunapimwa kwa picha tulivu, wakati ambapo nguvu yake husomwa tyubu inapotikiswa taratibu mkononi. Parasitolojia ya kinyesi na uchunguzi wa mkojo vinatosheleza mtihani.

Kwa anayesoma tayari chuoni na mwenye benchi la kufanyia mazoezi, ninaipendekeza kozi hii bila kusita, hasa katika miezi ya kabla ya mtihani. Asiyekuwa na hadubini karibu anunue moduli mbili za mwanzo pekee, kwa kuwa zinauzwa pia moja moja, na masomo ya slaidi ayasubirie maabara ya chuo.