Fila chini ya macho, Malindi: yaliyonipata na jinsi ilivyoyeyushwa

Nina miaka 43, nauza madera na leso Malindi, na mabonde chini ya macho ninayo tangu usichana. Mama anayo, bibi yangu alikuwa nayo. Ni umbile letu. Lakini ukikaa dukani kutwa kila anayeingia anakuuliza, "Mamangu, u mgonjwa?" mwisho unachoka. Mwaka jana, miezi 2 kabla ya harusi ya binti wa dadangu, nikaenda kuyajaza kwa fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi kujaza palipobonyea.

Nilikwenda chumba cha nyuma cha saluni moja hapa mjini. Mdungaji si mkaazi wa Malindi, huja mara moja kwa mwezi, akamaliza wateja wake kwa siku 2, akaondoka. Wote pale wanamwita daktari, nami nikamwita daktari. Nililipa shilingi elfu 35 kwa bomba moja la mililita 1, ligawanywe macho yote mawili. Nikapakwa krimu ya ganzi, nikangoja kama nusu saa, nikadungwa. Maumivu hayakuwa makubwa. Chumba ni safi, glovu zilikuwa mpya, bomba lilifunguliwa mbele yangu; hayo nayasema kwa haki. Ila hakuniuliza nina maradhi gani wala natumia dawa gani, hakunipiga picha kabla ya kuanza, na nilitoka mikono mitupu, bila hata kikaratasi cha kuonyesha nimedungwa nini.

Siku za mwanzo nilivimba na kuvilia damu. Hilo ni la kawaida kwa fila, na hata madaktari husema usihukumu kabla ya wiki 2. Nikasubiri. Wiki ya tatu ndipo nilipojua kuna jambo.

Nilikuwa nimesimama dirishani asubuhi na kioo cha mkono, najitia wanja niende dukani. Dadangu akaniambia, "Wanja wako umechuruzika." Nikachukua pamba nikafuta. Nikafuta tena. Pamba ikatoka nyeupe. Ilikuwa ni ngozi yenyewe: chini ya jicho la kushoto palikuwa na kitu kama kipande cha kamba kimelala, urefu wa ukucha wa kidole gumba, na rangi ya buluu iliyofifia, kama doa la wino lililofuliwa likakataa kutoka. Ukikibonyeza ni laini, kinateleza kidogo. Jicho la kulia halikuwa na rangi hiyo lakini lilituna, na kila nikiamka lilikuwa limetuna zaidi kuliko nilipolala.

Nilipopiga simu saluni walinipa mdungaji mwenyewe. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema fila haikutosha, nilete elfu 20 aongeze kidogo kando kando ili pasawazike. Nikamuuliza, haiwezi kutolewa? Akasema fila haitolewi, huisha yenyewe ndani ya miezi 6. Na mimi nilikuwa karibu kwenda. Harusi inakaribia, uso umeharibika, mtu anakwambia suluhu ipo na bei yake ni hii. Nilishazitenga hizo pesa.

Aliyenizuia ni shangazi yangu. Nilikuwa namficha yeye zaidi ya wote, nikijua atanigombeza. Hakunigombeza. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akaangalia, akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kwa mwenye elimu yake, usiongeze kitu juu ya kitu." Harusi nikaenda hivyo hivyo. Usiku biarusi anaposingwa nilikaa mbali na taa, na kila picha iliyopigwa nimeinamisha uso. Hilo bado linaniuma, kwa sababu yule mtoto nimemlea mimi.

Baada ya harusi nikapanda matatu kwenda Mombasa, kilomita kama 120, kwa daktari wa ngozi ambaye jina lake nilihakikisha kwanza kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Orodha iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina tu. Nililiandika pia jina la yule wa Malindi, kwa herufi za kila namna. Sikulipata.

Daktari huyu, mwanamke wa makamo, alinikalisha dirishani kabla ya kuwasha taa yoyote. Akaniambia fila niliyodungwa huenda ni ya asidi ya hailuroniki, jeli inayofanana na kitu ambacho mwili unakitengeneza wenyewe. Jeli hiyo huvuta maji, ndiyo maana uvimbe unazidi asubuhi baada ya kulala chali. Buluu nayo inatokea jeli ikiwekwa juu juu mno: ngozi ya pale chini ya jicho ni nyembamba sana, mwanga unapita ndani, unatawanywa na jeli, na kinachorudi machoni mwa watu ni rangi ya buluu. Kwa hiyo kuongeza nyingine kungezidisha yote mawili. Na hiyo miezi 6 niliyoambiwa si ya kutegemea, maana chini ya macho fila inaweza kukaa mwaka na zaidi.

Halafu akauliza, "Ni fila ya aina gani? Una boksi? Una stika yake?" Sikuwa na kitu. Kumbe kila bomba huja na stika yenye jina na namba ya toleo, na mteja ana haki ya kupewa. Dawa ya kuyeyusha inafanya kazi kwa asidi ya hailuroniki peke yake. Kama ningekuwa nimetiwa silikoni, isingefaa kitu. Nilirudi Malindi bila kutibiwa, nikakaa siku 3 nikipiga simu saluni. Siku ya tatu msichana wa mapokezi akanitumia picha ya boksi. Ilikuwa asidi ya hailuroniki. Nililia pale pale kaunta, mbele ya mteja.

Dawa yenyewe inaitwa hailuronidesi, ni kimeng'enya, yaani protini inayoivunjavunja jeli hiyo. Kabla ya kunidunga daktari aliniuliza kama nimewahi kuumwa na nyuki nikavimba mwili mzima, kwa sababu sumu ya nyuki nayo ina kimeng'enya cha namna hiyo na wenye mzio nayo wako hatarini. Nimeumwa mara nyingi, mjomba wangu ana mizinga upande wa msitu wa Arabuko Sokoke, ila sijawahi kuvimba zaidi ya kidole. Bado alinijaribu kwa tone dogo mkononi na kunikalisha dakika 20. Kisha akadunga, kidogo kidogo. Inawasha, inachoma kuliko fila yenyewe. Nilivimba siku ile, na kesho yake asubuhi ile kamba ilikuwa imelainika. Siku ya tatu sikuiona.

Jicho la kulia lilihitaji mara ya pili, wiki 2 baadaye. Na nawaambia ukweli wenzangu: wiki ya kwanza baada ya kuyeyusha nilijiona nimebonyea kuliko nilivyokuwa zamani. Nilishtuka nikidhani dawa imekula na mwili wangu. Daktari alinieleza kwamba kimeng'enya kinagusa kidogo na asidi ya mwili, lakini mwili huirudisha haraka. Kwangu ilichukua kama wiki 3 nikarudi kuwa mimi.

Jambo jingine alilolisema kwa uzito, na mimi nalisema kwa uzito uleule. Langu lilikuwa la kuvumilika, lilikuwa la sura. Lakini ukidungwa fila ngozi ikageuka nyeupe ghafla, au ikafanya madoa ya zambarau kama wavu, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, au macho yakaanza kuona ukungu, hapo usilale na usingoje uvimbe ushuke. Jeli imeingia au imebana mshipa wa damu. Mtu anaweza kupoteza ngozi, anaweza kupoteza jicho. Hailuronidesi inatakiwa iwepo chumba kilekile unapodungiwa, kwa sababu hiyo. Yule wangu hakuwa nayo Malindi, na kwa maneno aliyoniambia kwenye simu sijui kama aliwahi kuishika.

Kwa hiyo dada zangu wa Malindi, Lamu na Watamu mnaoniuliza dukani: sikukatazeni. Bei iacheni mwisho. Ulizeni kwanza, dawa ya kuyeyusha unayo hapa? Nionyeshe. Nikipata tatizo Jumanne na wewe umeshaondoka, nampigia nani? Na stika ya bomba ubandike kwenye karatasi yangu kabla sijashuka kitandani. Asiyetaka kujibu hayo usimpe uso wako. Na ikishaharibika usiikande kwa vidole wala kitambaa cha moto, nilifanya hivyo siku nyingi na daktari akasema nilikuwa naisukuma tu.

Gharama yangu: fila elfu 35, kuyeyusha mara 2, elfu 12 kila mara, nauli na siku nilizofunga duka sikuzihesabu. Nimeiandikia saluni barua kudai pesa zangu, nakala ninayo, mwezi wa pili huu hawajajibu.

Mombasa nampa nyota 5 kati ya 5. Malindi nampa 1, na hiyo ni ya yule msichana wa mapokezi aliyenitumia picha ya boksi wakati mwajiri wake hashiki simu.