Mzee wa majarida ya redio, Gerezani: nyota nne, ila uwe na subira

Kama utotoni ulishakula bakora kwa kufungua redio ya mshua, hapa panakuhusu. Kibanda kipo mtaa wa Gerezani, Dar, kwa mafundi, hakina bango, ulizia tu mzee wa majarida. Mbele kuna manational na maphilips yaliyokufa, nyuma ndo kuna mzigo wenyewe, maboksi ya majarida ya zamani ya kujitengenezea vitu: Practical Wireless ya Uingereza (hiyo imeanza 1932), Popular Mechanics na Popular Electronics za Marekani. Mengine mchwa washapita, mengine yamechomolewa ramani za katikati.

Jarida moja buku tano, likiwa na jalada lake zima anataka msimbazi na hashuki. Ghali kwakweli, maana mengi yapo mtandaoni bure, ila maelezo ya mzee yanalipa.

Mimi nilichukua mchoro wa kengele ya stoo, mtu akikatiza mwanga inalia. Ni wa miaka ya sitini, unataka transista (kile kidude cha kukuza na kukata umeme) ya OC71, ulizia hiyo kwenye maduka ya spea Kariakoo leo uone watakavyokushangaa. Mzee anayo moja, kidude cha kioo kimepakwa rangi nyeusi, ubavuni pamekwanguliwa na wembe. Akanieleza ile rangi ilikuwa ya kuzuia mwanga, sasa vijana wa enzi hizo wakashtuka kwamba ukiikwangua transista inaanza kuona, wakawa wanaitumia badala ya OCP71 ambayo ndo ilitengenezwa kwa kazi hiyo na bei yake ilikuwa imechangamka. “Uhuni haujaanza leo mwanangu.” Nilicheka sana, nikamwomba aniuzie akakataa katakata.

Basi akanibadilishia mchoro palepale kwa penseli, akaweka transista ya BC547 na jicho la LDR, yani rezista inayobadilika kufuata mwanga. Na hapa ndo nilimkubali, kwa sababu ukichomeka tu BC547 penye OC71 haifanyi kitu, ile ya zamani ni PNP ya jameniamu inafunguka kwenye volti 0.2 hivi, hii ni NPN ya silikoni, umeme wake unapita kinyume na inataka kama 0.6, kwa hiyo unageuza betri na rezista za kwenye bezi (mguu wa kuifungulia transista) unazipanga upya. Mafundi kibao wanajua kubadilisha ila ukiwauliza kwa nini wanakuwa wakali.

Kengele aliyoniundia mzee inalia vizuri, risasi ya kuungia waya kaichoma safi, ila kaipachika kwenye kopo la mafuta ya nazi na bado linanukia. “Njoo kesho” yake nayo msiiamini, na risiti hakuna.

Ile redio isiyotumia betri ambayo kijana wake anaisifia mpaka povu, achaneni nayo. Inashika midiam wevu (AM) tu wakati stesheni nyingi za mjini ni FM, afu inataka waya mrefu juu na mwingine wa ardhini, sasa we umepanga chumba Manzese huo waya unaufunga kwa nani?

Majarida ya Marekani mzee kayaandika kwa kalamu nyekundu SIO UMEME WETU, kwa vile michoro ya kuchomeka ukutani ni ya volti 120 na hapa Tanesco ni 230. Kijana akikuuzia hakwambii hilo. Nenda asubuhi mzee akiwepo, Ijumaa mchana wanafunga.