Kamera ya mfukoni isiyovumilia mfuko

Nianze na fundi, maana swali lake bado linanichoma. Aliigeuza kamera yangu mara mbili mkononi, hata hakuiwasha, akaniuliza: "Ulikuwa ukiiweka wapi?" Nikamwambia mfukoni. "Basi hapo ndipo ulipoiharibu. Vumbi la mfukoni halimo kwenye dhamana." Akaisukuma kwangu, akamwita anayefuata. Jamani, kamera hii inauzwa kwa neno moja tu, mfuko! Hata boksi lake lina picha ya mkono ukiichomoa kwenye suruali.

Niliinunua kwa sababu nilichoka. Miaka yote nimebeba kamera kubwa na lenzi tatu, mkanda wa begi unanikata bega, na mara nyingi naishia kuliacha nyumbani. Tena baba yangu hapendi kupigwa picha. Akiona lile lenzi kubwa limemwelekea, anakaza uso kama wa picha ya pasipoti. Nilijua ninachopoteza: kihisi (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) cha kamera kubwa ni milimita 36 kwa 24, cha hii ni 13.2 kwa 8.8, eneo limepungua zaidi ya mara 7. Jioni nikipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, hadi 6400, nywele zinageuka uji. Nilikubali yote hayo, mradi iwe nami kila saa.

Siku yenyewe akaja rafiki wa Baba wa ujanani, hawajaonana tangu mimi sijazaliwa. Wakakumbatiana palepale kizingitini, wazee wawili, wanalia. Nikachomoa kamera, nikabonyeza. Lenzi ikatoka nusu, ikasaga krrr, ikakwama. Maandishi kwenye kioo: zima kisha uwashe tena. Nikazima, nikawasha. Krrr. Nikazima tena. Nilipokimbilia simu, Baba alishajifuta macho na kuuvaa ule uso wake. Picha ya simu ninayo. Imewalainisha ngozi mpaka wamekuwa kama nta, na mkono wa mgeni, uliokuwa ukisogea, una vidole vya kivuli, kwa kuwa simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Hiyo ndiyo niliyobaki nayo.

Tatizo ni kwamba lenzi hii inaingia na kutoka kama pampu. Kila ikitoka inavuta hewa, na hewa ya mfukoni imejaa vumbi na nyuzi za nguo. Chembe ikinasa kwenye vile vigurudumu vidogo vya ndani, kwisha. Dalili nilizipata mapema: madoa ya kijivu angani nikipiga kwa f/11, tundu la lenzi likiwa dogo, nikilifungua hadi f/2 hayaonekani. Hilo ni vumbi juu ya kihisi. Kwenye kamera kubwa ningefungua lenzi, nikapuliza kwa kipulizo, nikaendelea na kazi. Hii lenzi yake haifunguki. Ni lazima kamera nzima ifumuliwe. Na waliotengeneza wanajua! Mtu anayeuza kitu cha kukaa mfukoni anashindwaje kukikinga na mfuko?

Kwa hiyo msinunue. Nilishaandika hivyo katika tathmini hii, nyota 1, nikabaki kutafuta picha za Baba nioneshe tofauti ya ubora. Za kamera kubwa zipo nyingi, kope zake unaweza kuzihesabu, na katika kila moja amekaza uso. Za hii ndogo nikakuta ile ya mezani: amerudisha kichwa nyuma, anacheka, macho yamefumba. Chembechembe zimejaa ukutani nyuma yake, na fokasi imeshika kifungo cha shati badala ya uso. Mama ameikuza na kuitundika sebuleni. Siku ile kamera kubwa ilikuwa kabatini, na hata ingekuwepo, Baba asingecheka vile.

Nyota nimeziongeza hadi 4, nikakumbuka kizingitini, nikazirudisha 2. Hasira haijaisha. Lakini nimeipeleka kwa fundi mwingine, nimelipa mwenyewe, na inafanya kazi. Sasa inakaa kwenye kifuko cha zipu, ndani ya begi dogo. Mpaka niitoe, zinapita sekunde 3 au 4, na Baba ameshaniona.